Mara ya Pili Nyanya Alipokufa

Nyanya yangu alikufa mara mbili. Mara ya kwanza hakuwepo.

Mara hiyo ya kwanza alikufa Nia-Nia, mji wa kando ya barabara ambao hakuwa ameukanyaga tangu kabla ya vita. Siku zile yeye na mimi tulikuwa tunakaa chini ya plastiki karibu na uwanja wa ndege wa Bunia, pamoja na nusu ya mji, na nyanya alikuwa anagombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo. Sijaona marehemu mwingine mwenye nguvu kama hizo.

Ili nieleweke, nianze na mambo ya ndoa. Kwetu, mjukuu wa kike na nyanya yake ni wake wenza. Mume wao ni babu. Babu yangu alikufa nikiwa bado natambaa, kwa hiyo ndoa yangu haikuchukua muda, lakini wivu ulibaki. Wazazi wangu nao walitangulia kabla sijajua kusema, basi nyumbani, mtaa wa Ngezi hapo Bunia, tulikuwa wake wawili na hakuna mume. Kila asubuhi nyanya alinisalimia hivi:

"Muke mwenza, umeamuka? Nilifikiri umekufa, nikaanza kufurahi."

Nami namjibu, "Nangojea weye utangulie. Weye njo mukubwa."

Jirani yetu, mama mchuuzi aliyehamia kutoka Butembo, alikuja siku ya kwanza kuomba moto. Akanikuta namwita nyanya mchawi asiye na meno, na nyanya anacheka meno yote mawili nje. Mama yule akarudi kwake bila moto. Kumbe sisi tulikuwa tunaamkiana tu.

Haki hiyo ya kutukana haiishi mtu akifa. Hapo ndipo inaanza kazi yake. Siku ya maziko, watu wazima wanalia, mjukuu anatukana: anavaa kitambaa cha marehemu, anaiga mwendo wake, anamwambia kaburini yale ambayo katekista hawezi kusema. Matanga yasiyo na mjukuu ni chakula tu.

Kazi ya nyanya ilikuwa kushona. Alikuwa na mashine ya miguu barazani, na macho yake hayakuona tena tundu la sindano, kwa hiyo mimi niliingiza uzi. Alikuwa na sheria moja: nguo aliyoikata lazima iishe siku hiyo hiyo. Sababu hakuitoa, na aliyeuliza alipewa vifungo vya kushona. Siku risasi zilipoanza upande wa soko, alikuwa kwenye blauzi ya mama mmoja wa kwaya. Mimi nililala chini ya mashine. Yeye alibaki juu.

"Toa kichwa," aliniambia. "Uko nanizuia pedali."

Tulipokimbia, blauzi ilikuwa shingoni mwake, na pini zake zote. Aliimalizia kwa mkono kambini, halafu akazunguka siku tatu kati ya mahema kumtafuta mwenyewe. Mama yule wa kwaya alikuwa amepoteza nyumba, mbuzi na viatu. Akapata blauzi mpya. Aliivaa kwenda kuchota maji, na mstari wa maji ukamwachia njia, wakifikiri ni mke wa mkubwa fulani.

Mashine yenyewe hatukuweza kuibeba. Nyanya alifungua kichwa chake, akakipaka mafuta, akakifunga kwa plastiki, tukachimba shimo nyuma ya nyumba. Tukaweka humo pasi ya makaa na sufuria tatu. Mimi, alipogeuka, nikaongeza bulletin yangu ya shule, ile karatasi ya alama.

Shida ni kwamba Ngezi nzima ilikuwa inafukia vitu, na waporaji walijua. Walipita na vyuma wakichoma udongo laini. Kwa hiyo nyanya aliamua shimo letu liwe kaburi. Tukainua udongo, tukapanga mawe, nikatoa mbao mbili kwenye kitanda changu kwa ajili ya msalaba. Ikabaki jina.

"Tuandike ya babu," nikasema.

"Babu yako iko na kaburi yake. Unataka akae fasi mbili kama député wa bunge?"

"Andika yangu basi. Nitaacha masomo."

"Weye ukikufa, nani ataingiza uzi mu sindano?" Akafikiri, ameshika jembe. "Andika yangu. Mimi najijua, sitakasirika."

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, kitu pekee ambacho walimu wanakubaliana juu yangu. Nikaongeza "Apumzike." Nyanya akasogea mpaka pua ikagusa ubao.

"Ongeza 'mupendwa'," akasema. "Unaogopa nini? Iko bure."

Tulikuwa kambini wiki ya tatu wakati mama mmoja wa kanisa alipopita Ngezi kuangalia nyumba yake. Akaona kaburi. Akalia, akaweka maua, na kwa sababu ni mtu mwema, akaenda moja kwa moja kwenye fonie.

Fonie ni redio ya kusemea. Ilikuwa katika depo ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, inaishi kwa betri ya gari, na kwa njia yake alisema na wachimbaji wa machimbo ya Kilo na watu wake wa Nia-Nia. Raia nao waliruhusiwa, wakikaa kwenye benchi kungoja zamu. Aliyeiongoza alikuwa Muislamu mmoja mpole, tuliyemwita mwenye fonie, ambaye habari ya harusi na habari ya kifo aliitoa kwa sauti ileile moja. Kwenye fonie anasema mtu mmoja tu. Unabonyeza kibonyezo, unasema, ukimaliza unasema "à vous," unaachia, ndipo mwenzako anasema; anayefunga mazungumzo kabisa anasema "terminé." Na kila mmoja aliye kwenye benchi, huku na kule, anasikia. Ukitaka siri, andika barua.

Sharti nikiri kwamba mimi na fonie ile tulikuwa na historia. Kabla ya vita kufika mjini, nilikuwa nimewahi kuchukua sauti ya nyanya, ile ya kukwaruza, nikamwomba mdogo wake wa Nia-Nia atume nyama ya kukausha. Nikaapa na kwa Biblia. Nyama ikaja kwa lori. Nyanya alikula vipande viwili kabla ya kuuliza imetoka wapi, ndipo akanirudisha kwenye fonie nikiri.

Huyo mdogo wake, nyanya mudogo, ndiye aliyepokea habari ya kifo. Aliolewa Nia-Nia zamani, na nyanya yangu ndiye aliyemlea mgongoni mama yao alipokuwa shambani, naye akamwita yaya, yaani dada mkubwa. Alinyoa kichwa. Walilala kwenye mikeka wiki nzima na kuchinja mbuzi. Katika matanga yale, aliyekufa ni mbuzi peke yake.

Tuliporudi Ngezi tulikuta wamebeba milango, madirisha, mabati ya upande mmoja na ubao wa choo. Kaburi hawakuligusa. Nyanya akayatazama maua yaliyokauka.

"Nani amenikumbuka?" akauliza, na nilimwona amefurahi.

Tukafukua. Mashine haikuwa na kutu hata chembe. Halafu mkono wake ukakuta bulletin.

"Mathématique, deux sur vingt," akasoma, ile mbili yangu juu ya ishirini, amesimama ndani ya kaburi lake mwenyewe. "Hii njo ilipashwa kubakia humu."

Kanisani Jumapili ndipo tulipojua kwamba amekufa. Kesho yake tukaenda kwenye fonie kumsalimia mdogo wake. Mwenye fonie aliita kwa utaratibu wake, nyanya mudogo akaletwa, na nyanya akabonyeza.

"Mudogo yangu, ni mimi. À vous."

Tulisikia mlio, halafu benchi likianguka kule Nia-Nia, halafu miguu ya watu wanaokimbia.

"Yaya? Uko nasemea wapi? À vous."

"Bunia. Ningesemea wapi ingine? Ile kaburi ni ya mashine yangu. Banasema ulinililia. Ulianguka chini? À vous."

"Nilianguka, yaya. À vous."

"Mara ngapi? À vous."

"Mbili. À vous."

"Mbili tu! Nani alinitukana? À vous."

"Hakuna mutu. Mujukuu hakukuwa. À vous."

"Basi ile haikukuwa matanga. Ilikuwa mukutano ya parokia. À vous."

Benchi letu lilicheka. Mimi nilicheka kuliko benchi. Na kwa sababu fonie haina siri, benchi la Nia-Nia nalo lilicheka, nyuma ya mgongo wa nyanya mudogo, ambaye alikuwa amesimama pale na kichwa chake kilichonyolewa. Aliposema tena, hakuwa anapiga kelele.

"Yaya, mimi nakulilia, weye unanicheka. Kichwa yangu iko na baridi. Basi nilishakulilia. Siku ingine ukikufa, kufa peke yako. Terminé."

Nyanya alicheka njia nzima. Alimsimulia mama wa Butembo, akamsimulia mwenye mkate, na akawaigia sauti. Siku iliyofuata alirudi kwenye mashine. Niliingiza uzi, nikautoa, nikaingiza tena mara tatu, hakuona. Mwishoni akasimamisha pedali.

"Muke mwenza."

"Ndiyo, mchawi."

"Nikikufa kweli, alie. Ile machozi ya kwanza niliiharibu mimi mwenyewe. Weye njo utamwambia. Musinizike mbele hajalia."

"Na akikataa?"

"Mutanikalia mpaka alie. Sitaharibika mbio, niko mukavu."

Alirudi kwenye fonie mara tatu kuomba msamaha. Mara zote tatu mwenye fonie aligeuka na kumwambia kwa upole: "Mama, banasema iko sokoni." Mara ya tatu ilikuwa Jumapili, na Nia-Nia hakuna soko la Jumapili. Nyanya alijua. Alisema, "Bien, basi anauza muzuri," tukarudi nyumbani.

Mji ukatulia kidogo. Askari wa kigeni walipita na magari yao meupe, shule ikafungua, na mimi nikaendelea na hesabu nilipoishia, yaani mbili juu ya ishirini. Asubuhi moja nyanya alikuwa amekata nguo nyeupe ya komunyo ya mtoto wa jirani. Niliingiza uzi. Wakati wa kutoka nilimwambia, "Muke mwenza, nikirudi nikute umehama." Yeye akasema nipite kwenye mlango mpya polepole, nisiuvunje na kichwa.

Niliporudi mchana alikuwa amekaa kwenye mashine, paji la uso juu ya kitambaa. Nilimwambia atoe uso kwenye nguo nyeupe ya watu. Hakutoa.

Infirmier wa zahanati alisema ni tension, ile presha ya damu. Vita vyote vile, halafu tension.

Kuhusu shimo hatukupata tabu. Lilikuwepo nyuma ya nyumba, udongo wake bado laini. Wanaume wa kanisa waliongeza urefu kidogo. Msalaba nao tulikuwa nao, nyanya alikuwa anaanikia sufuria juu yake. Niliufuta masizi, maneno yote yalikuwa sawa, pamoja na "mupendwa."

Katekista alitaka tuzike saa nane, ili watu wafike kwao kabla ya saa ya kufunga njia. Nikasimama mbele ya mlango.

"Hatuziki. Mudogo yake bado hajalia."

Walinitazama. Kusema kweli, hata mimi ningenitazama. Kwenye uso wangu hakuna mtu aliyewahi kuona jambo la kweli. Katekista akaanza kunieleza habari za huruma ya Mungu, lakini mama wa Butembo, yuleyule aliyekimbia bila moto, akamkata kauli.

"Mumuache aende. Ule muzee aliniambia na mimi pia. Tutamukalia."

Nikakimbia mpaka depo. Benchi lilikuwa limejaa watu wa Kilo wenye habari zao za dhahabu. Mwenye fonie alinisikiliza, akaomba wanipishe.

"Nia-Nia, Nia-Nia, huku Bunia. Tuko na habari ya kifo. À vous."

"Kifo ya nani? À vous."

Akataja. Fonie ikakwaruza.

"Bunia, ule alishakufaka. Tulikula mbuzi yake. À vous."

"Amekufa tena," akasema mwenye fonie, kwa sauti yake ileile. "Muite mudogo yake, mujukuu iko nangojea. À vous."

Tulingoja. Nilijiandaa kusikia kwamba yuko sokoni. Lakini alikuja, na alikuja na hasira.

"Yaya, acha muchezo. Toka nyuma ya ule mutoto. À vous."

"Nyanya mudogo, ni mimi. Nyanya amekufa jana. À vous."

"Ni weye ulikulaka nyama yangu na sauti ya yaya? À vous."

"Ni mimi. À vous."

"Basi umupatie yaya fonie. Kama amekufa, aseme yeye mwenyewe. À vous."

Benchi likalipuka. Mwenye fonie aliweka mkono mdomoni. Nami nilisikia midomo yangu inavutika, kwa sababu neno lile lilikuwa kali kuliko yote niliyosikia mwaka ule, na mtu pekee aliyefaa kupelekewa alikuwa amelala tangu jana chini ya kitenge.

Nikaapa kwa Biblia. Akasema hata kwa nyama niliapa. Nikasema ni tension.

"Yaya alikuwaka na tension tangu nazaliwa. Banamuzika wapi? À vous."

"Kwa lupango, nyuma ya nyumba. À vous."

"Kwa ile kaburi ya mashine? À vous."

"Ile ile. À vous."

"Unaona! À vous."

Nilijua kuiga sauti kumi na mbili, padri, prefe wa shule, askari wa kigeni anayeuliza bei ya ndizi, lakini ile ya mtu anayesema kweli nilikuwa sijajifunza. Mtu wa Kilo alinigusa bega kunionyesha zamu yake. Nikabonyeza ili niage.

"Nyanya mudogo, narudi. Batu banangoja, na niko na kazi. Kuko nguo ya komunyo ya mutoto wa jirani. Iko na mukono moja, na ule mwingine sijui nitaushona namna gani. À vous."

Fonie ilikwaruza peke yake. Mwenye fonie akagusa waya wa betri.

"Nia-Nia, umepata? À vous."

"Mukono moja?" Sauti ilikuwa imebadilika. "À vous."

"Moja. Ingine iko na pini. À vous."

"Alikata siku gani? À vous."

"Jana asubui. À vous."

"Na ikalala haijaisha? À vous."

"Ililala. À vous."

Hakusema "à vous" tena. Alibonyeza, na hakuachia. Tulimsikia akiita yaya, yaya, halafu kitu kikaanguka. Watu wakamwinua, bila kumtoa fonie mkononi, kwa sababu tuliendelea kusikia kila kitu. Akaanguka tena. Alipobonyeza vile, hakuna mtu mwingine aliyeweza kusema kwenye njia ile, si Kilo, si Bunia, na dhahabu ya siku ile yote ikasimama. Hakuna aliyemwambia aachie. Yule mtu wa Kilo alivua kofia, akakaa.

Kitu kilianguka tena. Mwenye fonie, ambaye alikuwepo siku ile ya "Mbili tu!" na hasahau neno, aliinama sikioni kwangu.

"Tatu," akanong'ona.

Baadaye sana sauti ilirudi, imekauka.

"Mujukuu. Umemutukana? À vous."

"Bado. À vous."

"Enda umutukane. Muzuri. Na kwa ajili yangu pia. Terminé."

Mambo ya ile nguo niyamalize hapa hapa. Mkono wa pili niliushona mwenyewe siku ile ya maziko, jua likiwa bado lipo, nusu kwa mashine na nusu kwa machozi, ambayo hayasaidii kitu kwenye kitambaa cheupe. Unaupita wa kwanza vidole viwili. Mtoto alipokea komunyo ameukunja, na mama yake akasema sasa ni mtindo.

Tulizika saa kumi. Nilivaa kitambaa cha kichwa cha nyanya, nikatembea mwendo wake, kiuno mbele na miguu nyuma, mpaka kwenye shimo. Nilimwambia yeye ni mwizi wa mabwana. Nilimwambia amekimbilia kwa mume wetu ili ampate peke yake, na ameniachia mashine isiyojua hesabu kama mimi. Nikamwambia kwamba mdogo wake anasema kichwa chake kina baridi tena, hilo nilibuni, lakini lingemfurahisha. Mama wa Butembo alicheka mpaka akashika msalaba. Katekista aliangalia mti.

Halafu nikapiga magoti kwenye udongo uleule nilioufukua siku ya bulletin, ili wengine wasisikie.

"Muke mwenza," nikamwambia. "Tatu."

Wakaanza kufukia.